Tusi Katika Kinywa cha Aliyetukanwa

Kuna swali ambalo kila mfasiri hukutana nalo, apende asipende: je, anayelitamka neno ovu la mwingine huwa amelikubali? Wahenga walitupa jibu jepesi, kwamba mjumbe hauawi. Lakini mjumbe hupeleka barua iliyofungwa. Mwimbaji na mfasiri huifungua barua hiyo, wakaisoma kwa sauti zao wenyewe mbele ya kadamnasi. Nimelipima swali hili kwa miaka mingi katika kazi yangu ya kalamu, na aliyenisaidia kulitazama upya si mwanafalsafa wala malenga wa pwani yetu, bali ni mwimbaji wa jazi wa Marekani, Cécile McLorin Salvant.

Bibi huyu alizaliwa Miami mwaka 1989, baba yake akiwa daktari kutoka Haiti na mama yake Mfaransa. Alianza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka 5, na kuimba katika kwaya ya watoto akiwa na miaka 8. Mwaka 2007 alivuka bahari akaenda Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, kusomea sheria na uimbaji wa kale wa Ulaya. Na ni huko ugenini, si kwao, alikoingia katika jazi kwa dhati, akiongozwa na mwalimu wake Jean-François Bonnel. Mwaka 2010, akiwa na miaka 21, alishinda shindano la Thelonious Monk mjini Washington. Baada ya hapo zikaja albamu: WomanChild ya mwaka 2013, kisha For One to Love (2015), Dreams and Daggers (2017) na The Window (2018), na hizi tatu za mwisho zote zikatunukiwa Grammy ya uimbaji wa jazi.

Lakini tuzo si hoja yangu. Hoja yangu ni nyimbo anazozichagua. Salvant ni mchimbaji wa makaburi ya nyimbo, na si kila anachokifukua kinanukia. Katika WomanChild ameimba You Bring Out the Savage in Me, wimbo uliorekodiwa mwaka 1935 na Valaida Snow, mwanamke mweusi aliyekuwa hodari wa kuimba na kupuliza tarumbeta. Maudhui yake ni mwanamke anayemwambia mpenzi wake kuwa amemwamshia ushenzi uliolala ndani yake. Ni ile picha ya mtu mweusi iliyokuwa ikiwafurahisha wengine wakati ule. Katika For One to Love ameimba Wives and Lovers, wimbo wa mwaka 1963 wa Burt Bacharach na Hal David, unaomwonya mke ajipambe kabla mume hajarudi kutoka kazini, kwani huko ofisini wako wasichana, na ndoa peke yake haimfungi mwanamume.

Angeweza kuziacha nyimbo hizo zioze zilipo. Angeweza pia kuzisafisha, akang'oa neno hili na kupachika lile. Hakufanya moja wala jingine. Maneno ameyaacha mahali pake, na hukumu ameiweka katika sauti. Hulivuta neno, hulikunja, huliacha lining'inie kupita desturi, hata msikilizaji ajiulize: huyu anaamini anayoyasema? Na akishajiuliza hivyo, hujikuta anaulizwa yeye: na wewe uliyekuwa ukiyatikisia kichwa miaka yote hii, uliyaamini?

Sisi wa visiwani hatuna budi kuielewa hila hii. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilikwenda kurekodiwa Bombay mwaka 1928, alikejeliwa kwa wimbo juu ya asili yake ya shamba na umasikini wake, naye akajibu kwa wimbo. Wazee wetu hawakulihifadhi jibu peke yake. Walihifadhi kijembe na jibu pamoja, na mpaka leo anayekisimulia kimoja husimulia cha pili. Waama, walijua kuwa jibu lisilo na tusi lake ni kama dawa isiyo na jina la maradhi.

Hayo niliyajua kwa akili. Kuyajua kwa moyo kulinigharimu aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilifasiri kurasa za msafiri mmoja wa Ulaya aliyepita visiwani humu katika karne ya 19. Mahali fulani aliwafananisha wapagazi wa bandarini na wanyama wa mizigo. Kalamu yangu iliona haya. Nikaandika kuwa walikuwa "watu wenye nguvu na subira", nikajiona nimetenda wema. Jioni moja nikamsomea shangazi yangu, ambaye bibi yake alibeba mizigo katika bandari hiyo hiyo, tena si kwa hiari yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Mwanangu, mbona huyu mzungu ni mwema hivi? Kama ndivyo walivyotuona, basi nani aliyetuuza?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani ninamsitiri bibi wa shangazi yangu, kumbe ninamsitiri aliyemtukana. Nikalirudisha neno kama lilivyoandikwa.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningekuwa na fundisho safi la kumpa msomaji. Haikuishia hapo. Baada ya kurasa zile kutoka, nilimkuta mtoto mmoja wa mtaani kwetu akimwita mwenzake kwa neno lile, huku wote wakicheka. Nikafahamu kuwa tusi likishatoka kinywani halina habari na nia ya aliyelitoa. Na ndivyo ilivyo katika ukumbi wa jazi. Kati ya wanaocheka Salvant anapoimba habari za ushenzi, wako wanaoucheka ujinga wa wimbo, na huenda yuko anayecheka kama walivyocheka watu wa mwaka 1935. Mwimbaji hawezi kukaa kitini na kila mmoja wao.

Je, basi anyamaze? Sidhani. Ninachokiona katika kazi yake ni kwamba haki ya kulibeba tusi ina gharama zake. Salvant si mrudiaji wa maneno ya wengine tu. Katika WomanChild hiyo hiyo amelitia muziki shairi la Ida Faubert, mshairi mwanamke wa Haiti. Katika Mélusine, albamu yake ya mwaka 2023, ameimba kwa Kifaransa, Kioksitani, Kiingereza na Krioli ya Haiti, akichanganya nyimbo za karne nyingi zilizopita na alizozitunga mwenyewe. Anayelirudia tusi huku hana neno lake mwenyewe ni mwangwi. Mwenye neno lake huwa shahidi, na ushahidi hautolewi nusu.

Na shahidi haondoki barazani mara tu akishasema, hungoja aulizwe. Mwimbaji hungoja kwa wimbo unaofuata. Mimi, nisiye na sauti ya kuimbia, nilimwita yule mtoto, nikamketisha, nikamwambia neno lile alitupiwa nani, katika bandari ipi, akiwa amebeba nini kichwani. Alinisikiliza akiwa ameinamisha macho. Sikumwomba alisahau neno lile, wala mimi sikulifuta.