Harufu ya Mwili na Aibu Inayouzwa

Asubuhi moja nilipanda gari Nainokanoka kuelekea Karatu. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima Olmoti. Akapanda mama wa Kimaasai na kibuyu chake cha maziwa, mashuka yake yakinuka moshi na ng'ombe. Kijana mmoja akaziba pua. Nami, mwalimu wa dini, nikafungua dirisha, wala haikuwa kwa sababu ya joto.

Dharau hii tumefundishwa na nani? Mwaka 1919, huko Marekani, wauzaji wa Odorono, dawa ya kuzuia jasho la kwapa, walitoa tangazo katika gazeti la wanawake. Likawatia hofu kwamba huenda wananuka wasijijue, na hakuna atakayewaambia. Wasomaji wapatao 200 walichukia hata wakaliacha gazeti hilo, lakini dawa ilizidi kununuliwa. Sabuni ya Lifebuoy ikafuata njia hiyo hiyo, na katika makoloni ya Afrika matangazo ya sabuni yakafungamanisha usafi na ustaarabu wa Kizungu. Huuzwa hofu kwanza, ndipo ikauzwa dawa yake.

Je, Wamaasai hawakujali harufu? Tangu zamani wameweka majani ya leleshwa kwapani. Na kibuyu cha maziwa husafishwa ndani kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa mwitu, waitao oloirien. Basi huenda moshi ule nilioukimbia ulikuwa ndio usafi wenyewe!

Sisemi kwamba harufu si kitu. Imo katika Bukhari kwamba watu wa Al-Awali, nje ya Madina, walikuja kwenye Ijumaa wakiwa na vumbi na jasho. Mtukufu Mtume s.a.w. akawaambia kwa upole kwamba ingefaa wajitakase kwa siku hiyo. Aliyekula kitunguu saumu akatakiwa asiukaribie msikiti, jirani yake asiudhike. Lakini ni yeye pia aliyefundisha kwamba harufu ya kinywa cha mwenye kufunga ni bora mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko miski. Aliwaambia watu wake uso kwa uso, bila kuwaaibisha wala kutaka bei. Nayo Kurani Tukufu (sura ya 49) yakataza watu kuwadharau watu wengine.

Tulipofika Karatu nilimwamkia mama yule na kumshushia kibuyu chake. Aliitikia vizuri. Kisha akalitazama lile dirisha, ambalo lilikuwa bado wazi.