Kijana Wetu Katika Kampuni Kubwa: Je, Anyamaze?



Siku moja jioni mama mzee wa kanisa letu alikuja nyumbani kwangu na simu mkononi. Mjukuu wake anayesoma Uingereza alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, akasema, "Bibi, mpelekee mchungaji ausikilize." Tuliusikiliza mara mbili. Swali lililokuwemo lilinikosesha usingizi, na nimeona si vizuri nilibebe peke yangu. Kwa ruhusa yao ninaliandika hapa bila majina.

Kijana huyu alizaliwa hapa makazini, wazazi wake wakiwa wametoka Masisi. Alipokuwa mtoto, familia ilipelekwa Uingereza katika mpango wa kupokea wakimbizi ulioitwa Gateway, ulioanza mwaka 2004 na kumalizika mwaka 2020. Bibi alibaki. Sasa kijana anasoma mambo ya kompyuta chuo kikuu. Masomo yake ni ya miaka minne: miwili darasani, wa tatu kazini, na wa nne anarudi darasani kumaliza. Mwaka huo wa kazi ndio sisi Wakongo tunaouita staji. Tofauti ni kwamba staji tulizozizoea ni za wiki au miezi michache, na mara nyingi mwanafunzi hujilipia hata nauli. Kule ni mwaka mzima, mwanafunzi hulipwa mshahara, na ada ya chuo hupungua sana mwaka huo. Akifanya vizuri, kampuni yaweza kumwita tena akishahitimu. Kwa hiyo ni mwaka wa kujifunza, na pia ni mwaka wa kutazamwa.

Alipata nafasi katika kampuni kubwa ya teknolojia. Bibi alitoa ushuhuda kanisani, tukapiga vigelegele. Tulidhani ataunda programu. Lakini walimweka katika idara ya manunuzi, kupanga taarifa za wauzaji wa vipuri. Kila muuzaji hujaza fomu akieleza kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu iliyomo katika vipuri vyake imetoka Kongo au nchi jirani, na ilisafishwa katika kiwanda gani. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria inayozidai kampuni zilizo katika masoko yake ya hisa kutoa taarifa za madini hayo manne. Umoja wa Ulaya nao una sheria yake kwa waagizaji, iliyoanza kutumika mwaka 2021.

Kijana aliagizwa kutia rangi nyekundu kwa kila muuzaji aliyejibu kwamba madini yake yametoka Kongo, ili idara ifikirie kumbadilisha. Alisema hivi: "Baba mchungaji, nyumbani kwetu kumekuwa mstari mwekundu kwenye kompyuta. Ninapoutia, je, ninamzuia mwenye bunduki, au ninamnyang'anya mjomba wangu chakula? Nami ni mwanafunzi tu. Niseme, ninyamaze, au niondoke?"

Ninyi mliotoka Masisi mnaijua Rubaya. Koltani inayochimbwa pale husafishwa ikawa tantalamu, nayo hutengenezewa vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla duniani, na tangu hapo wenye silaha hawakuacha kuifuata. Mwezi wa Aprili 2024 kundi la M23 liliitwaa Rubaya, na mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulisema eneo lile hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Kwa hiyo rangi nyekundu haikutiwa bure. Kuna damu katika biashara hii, na baadhi yetu tuko hapa kwa sababu yake.

Lakini tukumbuke na jambo jingine. Septemba 2010 serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Wanunuzi wa nje nao wengi waliogopa wakaondoka. Mwenye bunduki anaweza kuhamia dhahabu, au kutoza watu ushuru barabarani. Mchimbaji ambaye hana shamba anahamia wapi? Na mama aliyekuwa akimuuzia ugali, anamuuzia nani?

Niliwauliza wazee wawili wa kanisa. Wa kwanza alisema, "Aondoke. Asile mshahara unaonuka damu." Wa pili alisema, "Mgeni ni kuku mweupe. Atulie, amalize mwaka wake, apate kazi." Wote wawili wanampenda kijana, lakini sikuweza kukubaliana nao.

Mzee wa kwanza anataka mikono ya kijana iwe safi. Lakini akiondoka, rangi ile itatiwa na mwingine asiyejua hata Rubaya iko upande gani. Tena, kama kugusa tu ni hatia, basi nasi tumo. Ujumbe wake ulitufikia kwa simu, nami ninayo simu mfukoni ninapoandika maneno haya.

Mzee wa pili ana haki katika jambo moja. Anayeagizwa habebi mzigo sawa na anayeagiza, na mwanafunzi hana mamlaka katika kampuni. Lakini mzigo wa kuamua ni mmoja, na mzigo wa kujua ni mwingine. Kijana huyu hana sauti ya kuamua, lakini anajua habari ambazo wenzake hawazijui: kwamba nyuma ya neno Kongo kuna mwenye bunduki na kuna mjomba, na fomu haiwatenganishi. Akilificha jambo hilo kwa kutumaini kazi ya baadaye, atakuwa ameanza kuuza kitu kisichokuwa chake. Wahenga walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapo nilijiuliza mimi mwenyewe. Dawa za shinikizo la damu za bibi hununuliwa kwa mshahara ule. Ni rahisi mchungaji kuwa shujaa kwa mkate wa mwingine. Kwa hiyo sikumwambia apige kelele. Nilimkumbusha Danieli kule Babeli. Alikubali kufundishwa elimu ya Wakaldayo, hakutoroka, wala hakumtukana msimamizi wake. Ila palipomgusa dhamiri aliomba kwa adabu wajaribiwe siku kumi.

Nilimwambia mambo matatu. La kwanza, amwendee mkuu wake faraghani na kumuuliza: tukimwacha muuzaji huyu, nani ataumia kwanza? La pili, asijifanye kujua asiyoyajua, maana Masisi yeye hakuiona. Awapigie simu watu wetu waliowahi kuchimba, asikilize. La tatu, atenganishe kazi ambayo mwisho wake hauna uhakika na uongo ulio wazi. Kazi ya kwanza anaweza kuifanya huku akiuliza. Lakini siku akiambiwa aandike kwamba madini hayakutoka Kongo, hali anajua yametoka, akatae, hata kama mwaka wake utaharibika.

Alifanya hivyo. Mkuu wake alimsikiliza, akamwomba aandike kurasa mbili kwa ajili ya idara. Wanaume watatu wa hapa makazini, waliokuwa wachimbaji zamani, walizungumza naye kwa simu usiku, zamu kwa zamu. Kurasa zilipokelewa kwa shukrani. Rangi nyekundu bado inatiwa, wala hakuna aliyemwahidi kitu. Lakini sasa hakuna mtu katika idara ile anayeweza kusema kwamba hakuambiwa.

Wapendwa, watoto wetu wengine nao watafika mahali pakubwa. Wakipiga simu, sisi huuliza haraka, "Wanakulipa kiasi gani?" Njaa ndiyo hutufundisha swali hilo, wala si dhambi kuliuliza. Tuongeze na la pili: "Wanakufanyisha kazi gani, mwanangu?" Kisha tukae kimya, tusikilize jibu mpaka mwisho, hata kama salio linakwisha.