Chungu Kimoja au Viwili?



Je, yatosha kumshibisha mtu, au twapaswa pia kula naye? Swali hili laonekana jepesi. Mimi nililipuuza kwa miaka minne, mpaka nilipofundishwa na mtoto.

Mtoto wa marehemu dada yangu tunaishi naye hapa nyumbani Tanga. Sasa ana miaka 13. Alipokuwa na miaka 9 alikonda, tumbo likavimba, akawa anaharisha mara kwa mara na damu ikapungua. Tukahangaika naye huku na huku, hata daktari mmoja akatueleza kuwa ana ugonjwa uitwao siliaki. Katika ngano, shayiri na rai mna kitu kiitwacho gluteni, ambacho ndicho kinachoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Mtu mwenye ugonjwa huu akikila, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula huharibika, naye hula asinenepe. Hakuna dawa ya kuuondoa, ila kuacha nafaka hizo maisha yote. Hata makombo madogo yaweza kudhuru.

Aliyelithibitisha jambo hili ni daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem Dicke, katika tasnifu aliyoitoa Utrecht mwaka 1950. Kabla ya hapo wazazi waliweza kuwalisha watoto wao mkate bila kujua kwamba unawadhuru. Yaani upendo ulikuwapo, lakini maarifa hayakuwapo.

Sisi wa nchi hizi tuna bahati. Ugali wa mahindi au wa muhogo, wali, ndizi, maharage, viazi, mtama na ulezi, vyote havina gluteni ikiwa havikuchanganyika na ngano. Siku za kawaida mtoto huyu alikula nasi, wala hapakuwa na neno. Taabu yake ilikuja siku za furaha. Hebu fikirini: wageni wakija twapika nini? Chapati, sambusa, maandazi, keki, tambi. Ngano ndiyo chakula chetu cha sherehe. Basi mtoto huyu alitengwa siku zile zile ambazo watu hukusanyika.

Mimi nilimwandalia sahani yake peke yake, nikajiona nimetenda wema. Pasaka iliyopita alikula chapati mbili kwa siri nyuma ya nyumba, akaugua siku nne. Nilipomwuliza kwa ukali kwa nini amekuwa mlafi, alinijibu, "Mama mdogo, sikuzitamani. Nimechoka kuulizwa mbele ya watu kwa nini mimi sili."

Neno hilo liliniingia. Kwa hiyo binti yetu mkubwa alipomaliza chuo cha ualimu, nasi tukataka kumfanyia karamu ndogo ya watu tisa, nilisema tutapika chungu kimoja. Kati ya wageni alikuwamo pia mzee jirani yetu, Mhindu, asiyekula nyama, wala samaki, wala mayai. Nikakusudia kupika tambi za mchele kwa mchuzi mzito wa adesi.

Baba watoto hakuafiki. Alisema, "Mama, haki ni kumpa kila mtu kinachomfaa, si kuwapa wote kinachomfaa mmoja. Sherehe ni ya binti, naye apenda chapati na kuku. Kwa nini watu wote wale chakula cha mgonjwa?"

Hoja hiyo ina nguvu, nami usiku ule sikuweza kuijibu. Tena alisema kweli juu ya gharama, maana pakiti ya tambi za mchele ni ghali kuliko ya ngano. Lakini nilipokuwa nikichambua adesi asubuhi niliona hivi. Chakula kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuulisha mwili, na katika hiyo baba watoto ana haki kabisa. Ya pili ni kuwaambia watu kwamba wao ni wamoja. Sahani ya pembeni hutimiza kazi ya kwanza, lakini ile ya pili yaweza kuivunja. Na tukipima hasara, binti atakosa chapati jioni moja, naye aweza kuzipata kesho yake. Mtoto yule hukosa nafasi yake mezani kila sherehe, wala hakuna kesho yake. Nilimwuliza binti mwenyewe, naye akasema, "Chapati nitazipika Jumatatu."

Basi nilipika. Kwanza nilinunua mwiko na chujio vipya, kwa kuwa mwiko wa zamani umekwisha kunywa unga wa ngano, na kuosha peke yake hakuaminiki. Nilitumia adesi nyekundu vikombe viwili, vitunguu vitatu, kitunguu saumu, karoti tatu, nyanya nane, bizari niliyoitwanga mwenyewe, na mwisho tui zito kikombe kimoja na fungu la mchicha. Viliiva polepole mpaka adesi zikavurugika. Tambi kilo moja nilizitia katika maji yaliyochemka, sufuria ikiwa imekwisha kuepuliwa, nikazichuja mara zilipolainika na kuzimwagia maji baridi. Tambi za mchele hazina gluteni ya kuzishikilia, hivyo ukizichemsha kama za ngano utapata uji.

Jambo moja nililiangalia sana: sikutangaza. Laiti ningalisema, "Leo twala hivi kwa ajili ya fulani," ningalimfanya mtoto kuwa mdeni wa watu wanane. Niliweka bakuli kubwa katikati, kila mtu akajipakulia. Mzee jirani aliongeza mara mbili. Baba watoto aliongeza pia, kisha akasema kuku angalinogesha zaidi. Mtoto alikula huku akibishana na wenzake habari za mpira, wala hakuna aliyemwuliza lolote.

Sisemi kwamba ngano ifukuzwe majumbani mwetu, la hasha. Wala sisemi kwamba chungu kimoja chaweza kuwafaa watu wote daima, maana mahitaji mengine hupingana. Nasema tu kwamba mpangilio wetu umekuwa kinyume. Sisi huanza na kile wapendacho wengi, kisha twamtafutia mmoja kitu cha pembeni. Yafaa tuanze na kile tunachoweza kukila sote, ndipo tuongeze vingine kwa wanaovitaka.

Nawaomba akina mama wenzangu tujaribu hata kwenye chai ya baada ya ibada, ambapo kwa kawaida huwa ni maandazi tu. Vitumbua vya mchele mtupu tunavijua tangu utoto, na mihogo ya kuchemsha haina gharama. Tuviweke katika sahani safi, mbali na maandazi. Inakadiriwa kwamba duniani mtu mmoja hivi katika 100 ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajijui. Huenda yumo mmoja kati yetu ambaye kila Jumapili husema ameshiba.