Mawe ya Kilwa ni ya Nani?

Wasomaji wetu walio mbali na pwani huenda wakadhani ya kuwa atakaye kuona majumba ya wafalme wa kale hana budi kupanda meli aende Ulaya, kwa kuwa vitabu vya shule hutuonyesha ngome za Uskochi zilizojengwa juu ya majabali. Sisi tukaao Kilwa Kivinje hatuna haja ya safari hiyo. Twashuka Masoko kwa gari, twachukua kibali, twapewa mtu wa kutuongoza, kisha twavuka kwa mashua; na kabla jasho la njia halijakauka twasimama mbele ya Gereza la Kilwa Kisiwani.

Tulivuka na watoto wa darasa la saba. Gereza lionekanalo sasa ni kazi ya Waarabu wa Omani, nao walilijenga pale pale Wareno walipoweka ngome yao mwaka 1505, baada ya kuuteka mji na kuuteka nyara. Nyuma yake uko Msikiti Mkuu, ulioanzwa yapata karne ya 11 na kuongezwa sana katika karne ya 14. Kuta zake ni za matumbawe yaliyochongwa, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa motoni. Yaani mji mzima ulitolewa baharini kwa mikono. Watoto walitembea baina ya nguzo kwa sauti ya chini, ijapokuwa hapana aliyewaonya.

Lakini jambo tulitakalo kulisema lilitukia Husuni Kubwa. Jumba hilo liko juu ya jabali, laelekea bahari, lina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, siku zile dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipitia Kilwa. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akamsifu sana sultani huyo kwa ukarimu. Asimulia ya kuwa maskini mmoja wa Yemeni alimwomba nguo alizovaa, naye akamvulia. Na mwisho wa mambo maskini yule akaondoka na watumwa na pembe za ndovu. Tuliwasomea watoto habari hiyo kando ya birika. Wakacheka kwa ajili ya nguo. Kisha msichana mmoja akauliza, “Mwalimu, na hao watumwa, nao waliombwa?”

Hatukuwa na jibu la haraka. Naam, twajua ya kuwa nabii Yeremia alimkemea mfalme aliyejijengea nyumba pana asiwalipe waliomfanyia kazi; na ukarimu unaotolewa kwa miili ya watu wengine, sisi hatuwezi kuuita ukarimu. Wala mambo hayo hayakwisha na sultani yule. Mwaka 1776 sultani mwingine wa Kilwa alitia sahihi mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 killa mwaka. Baadaye biashara ile ilihamia huku kwetu Kivinje, misafara ikishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa, hata mapatano ya mwaka 1873 yakaifunga njia ya bahari. Katika madarasa yetu wamo watoto ambao wazee wao walifika pwani hii kwa minyororo. Jambo hili halisemwi barazani, lakini lajulikana.

Mmoja wao, tulipokuwa tukirudi mashuani, alionekana amefumba mkono. Tukamwambia aufumbue. Ndani mlikuwa na kigae cha chungu. Si kaure ya Uchina, ambayo vipande vyake navyo huonekana kisiwani, bali chungu chetu cha udongo, chenye mikwaruzo shingoni. Tukamkumbusha ya kuwa iko sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964. Akajibu kwa adabu, “Mwalimu, sultani amekufa, na waliomchukulia mawe hawakuwa na kitu. Namnyang’anya nani? Tena kinafanana na chungu cha bibi.”

Twakiri ya kuwa maneno yale yalitushinda hata tukafika Masoko. Kama angesema kimempendeza tu, tungalimwadhibu na kusahau. Lakini yeye alidai urithi, na dai lake lina nguvu kuliko la wageni wengi wapigao picha pale. Kwa nini mjukuu wa waliofungwa ayatunze mawe ya waliofunga?

Tulilifikiri siku kadhaa, na hivi ndivyo tuonavyo. Jina la sultani halihitaji kigae. Limechorwa katika sarafu zake za shaba, na moja yake iliokotwa mbali, katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Wareno nao waliandika habari zao wenyewe. Lakini mama aliyefinyanga chungu kile hakuandikwa na mtu yeyote. Mikwaruzo ile ya shingoni ndiyo barua yake pekee, na barua hiyo husomeka pale ilipoangukia tu: kama ni jikoni, kama ni ua wa watumishi, kama ni karibu na birika. Basi aiondoaye hamwibii mfalme. Amwibia yule asiye na shahidi mwingine. Kijana alisema kweli kwamba kigae ni cha watu wake, na kwa sababu hiyo hiyo hakikumpasa kukichukua.

Tulimweleza hayo, asibishe. Aliomba tu kukirudisha mwenyewe. Jumamosi iliyofuata tukavuka naye, upepo ukiwa mkali na mashua ikiingiza maji, nasi tukajuta kidogo, twasema kweli. Akapanda Husuni Kubwa mbele yetu, akaenda kwenye ukuta mmoja, akarudi, akaenda kwenye mwingine. Akainama, akasimama. Jua likapanda. Kiongozi wetu akamwuliza kwa upole, “Ulikiokota wapi, mwanangu?”

Akatazama vyumba vile vyote, na kigae kingali kiganjani mwake, akasema, “Sikumbuki.”