Je, Namba za Kweli Zaweza Kudanganya?



Wenzetu wengi siku hizi wanajifunza kuchora takwimu: wa uchumi, wa afya, hata sisi wa masomo ya Kiislamu tunaoandika utafiti wa mwaka wa mwisho. Kuanza si kazi ngumu. Ukiwa na karatasi ya miraba na rula, au programu ya Excel, leo hii unapata nguzo zako. Mimi nashauri karatasi kwanza. Mkono unaochora nguzo unalazimika kuamua zianzie namba gani, ilhali kompyuta hukuamulia kimya kimya. Na uamuzi huo mdogo ndio ulionifanya niandike: je, mtu aweza kudanganya bila kubadili hata namba moja?

Chukua mfano unaotuhusu. Sensa ya Uganda ya mwaka 2002 ilitukuta Waislamu tukiwa asilimia 12.1 ya wananchi, na ile ya 2014 ikatoa asilimia 13.7. Chora nguzo mbili kuanzia sifuri: ya pili inaipita ya kwanza kidogo tu. Sasa zianzishe kwenye 12. Ya kwanza inakuwa kisiki, ya pili inaizidi kwa urefu mara 17. Bango hilo likibandikwa msikitini Ijumaa, takbira zitasikika hadi barabarani. Na namba ni zile zile za serikali.

Atasema mtu: namba zimeandikwa pembeni, asiyesoma shauri yake. Lakini nguzo zilibuniwa kwa ajili ya huyo huyo asiyesoma. William Playfair, Mskoti, alipozichapa mwaka 1786 kuonyesha biashara ya nchi yake, alitaka watu waelewe kwa kutazama tu, bila kupekua majedwali. Ukimwita mtu atumie jicho, huwezi kumlaumu kwa kuliamini.

Fiqhi ililijua jambo hili sokoni zamani. Waliosoma muamalati wanakumbuka musarrat, mnyama ambaye mwenyewe huacha kumkamua siku kadhaa kabla ya kumuuza ili kiwele kijae. Muuzaji hajatamka uongo. Maziwa ni maziwa kweli, kiwele ni cha mbuzi yule yule, na mnunuzi ana macho yake. Hata hivyo Mtume (s.a.w.) alikataza, akampa mnunuzi hiyari ya kubaki na mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. (Mahanafi wana maneno yao kuhusu kurudisha, lakini juu ya ubaya wa kitendo hakuna mvutano.) Wanazuoni waliliita jambo hili tadlis. Kwangu, nguzo iliyokatwa chini ni kiwele kilichojazwa.

Wapo wanaotaka kukata shauri kwa kanuni moja: anza sifuri daima. Sikubaliani nao. Chora joto la mgonjwa wa malaria kuanzia sifuri, uone 37 na 40 zinavyokaa karibu sawa na homa ikapotea machoni. Hapo sifuri ndiyo inayoficha. Kwa hiyo mchoraji ajiulize swali gumu zaidi ya kanuni: anayetazama kwa muda mfupi ataondoka na dhana gani, nami naijua kuwa kweli?

Kuna hoja ya nia njema, nayo ndiyo nzito kwetu, maana bango lile lingechorwa kwa ajili ya da'wa. Sioni inavyomsaidia mchoraji. Mwenye mbuzi, kwa riwaya iliyomo katika Sahih Muslim, alipewa siku tatu za kumrudisha. Aliyepita mbele ya bango letu ameshapanda basi la Arua na nguzo zile kichwani, na jioni atamsimulia mamake kwamba Waislamu wamefurika nchi nzima. Huyo tutampata wapi tumrudishie haki yake?