Asilimia Mbili za Mwalimu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkazi wa Morogoro, alistaafu na kupokea mafao yake ya mkupuo, shilingi milioni 40. Kabla mwezi haujaisha kila ndugu alikuwa na wazo lake. Mmoja alitaka bodaboda, mwingine shamba la matikiti maji, wa tatu alimletea jamaa anayeahidi kuzidisha fedha mara mbili kwa siku 30. Mshauri wa uwekezaji ndiye aliyefika mwisho. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani: alivua viatu mlangoni, akatoa shikamoo, akakataa soda mpaka akabembelezwa. Leseni yake kutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilikuwa halali kabisa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa nzuri, na haki yake tumpe. Alimfukuzia mbali yule jamaa wa siku 30, akamweleza hatari ya kuweka mafao yote kwenye tikiti moja, akapendekeza mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaonunua hatifungani za Serikali. Kwa ushauri huo peke yake, mtu angelipwa laki kadhaa na asionekane mwizi.

Bei ndiyo iliyopita haraka mno.

“Malipo yangu madogo tu, Mwalimu. Asilimia tatu unapoingia, kisha asilimia mbili kila mwaka.”

“Mbili tu? Mbona VAT ni kumi na nane!”

Wakacheka wote wawili, akasaini. Mtu aliyefundisha hesabu za asilimia darasani miaka yote ile hakujiuliza swali ambalo angemuuliza mtoto wa darasa la sita: asilimia mbili za nini?

Zilikuwa za mtaji wote, wala si za faida. Mpwa wake, mhasibu Dodoma, ndiye aliyeligundua hilo alipokuja likizo na kuikuta taarifa ya mfuko juu ya kabati la vyombo. Alichukua bahasha tupu akaandika mgongoni. Siku ya kuingia, shilingi 1,200,000 zilikatwa. Mwaka wa kwanza, asilimia mbili za zile 38,800,000 zilizobaki ni shilingi 776,000. Jumla 1,976,000.

“Shangazi, ungeambiwa milioni mbili kasoro kidogo ungesaini?”

“Ningemtoa mbio.”

Mpwa akaendelea. Tuseme mfuko unazalisha asilimia 10 kwa mwaka. Anayechukua mbili za mtaji amechukua moja ya tano ya faida. Mfumuko wa bei ukila tatu, faida ya kweli ni saba, na mbili zake ni zaidi ya robo. Fedha zikikaa miaka kumi bila kuguswa, milioni 40 bila mshauri zingefika kama milioni 103.7, kwa mkataba ule zingeishia milioni 83.8. Tofauti ni karibu milioni 20, karibu nusu ya mafao yenyewe. Na mwaka ambao mfuko ungepata hasara, asilimia mbili zingekatwa vilevile.

Halafu kuna gharama isiyoonekana kwenye risiti yoyote. Meneja wa mfuko naye hukata ada yake ya usimamizi kabla ya kutangaza thamani ya kipande, kwa hiyo Mwalimu alikuwa akilipa watu wawili kwa kazi inayofanywa na mmoja. Mwaka wa pili wa mshauri ulikuwa na nini? Salamu za Krismasi, salamu za Pasaka, na taarifa ambayo mfuko wenyewe huituma. Mtu anaweza kujiunga na Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS kwa simu yake bila ada ya kujiunga. Anayetaka hatifungani yenyewe ataipata katika minada ya Benki Kuu kupitia benki au dalali, na riba italipwa mara mbili kwa mwaka. Hayo si siri, ila hakuna anayepata kamisheni kwa kuyasema.

Mwalimu akapiga simu.

“Mwanangu, huo mfuko ulionipeleka, nao unakulipa?”

Kimya kidogo. “Kamisheni ndogo tu, Mwalimu. Imeandikwa ukurasa wa nne.”

Kweli imeandikwa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Leseni inathibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kushauri, lakini haisemi lolote kuhusu bei yake, na adabu mlangoni haisemi pia.

Akamwambia: “Basi nikikuhitaji nitakuita, uniambie bei ya kazi hiyo kwa shilingi, nikulipe tuachane.” Kijana akajibu kwamba kampuni haina utaratibu huo. Mwalimu akaandika barua ya kuvunja mkataba, akasubiri muda wa notisi uishe, akabaki na mfuko wake. Ile milioni na laki mbili ya kuingilia haikurudi.

Mwaka uliofuata alitaka kugawa kiwanja na akiba kwa watoto wanne wasioelewana, mmoja akiwa na deni la benki. Hilo halikuwa jambo la simu. Alitafuta mshauri mwingine, akauliza bei kwanza, akatajiwa laki tatu kwa vikao viwili na mpango ulioandikwa. Alilipa siku hiyohiyo, wala hakuomba punguzo.