FIMBO YA GEHAZI

Andiko la msingi: 2 Wafalme 4:8-37. Ujumbe wa ibada ya pamoja ya vijana na wazazi wa Kitui na Makueni, uliohubiriwa Wote katika likizo ya Agosti.

Wapendwa mliotoka Mutomo na Ikutha mkaamka saa tisa usiku kutafuta matatu, karibuni. Wale wa Mwingi wamefika? Haya, Mungu awabariki. Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Asiye na Biblia asogee kwa jirani. Asifungue simu, maana simu ikishafunguliwa tutapotezana.

Nitaanza na mambo ya jana usiku. Vijana waliomba projekta, tukawaruhusu, wakaonyesha vipindi vya Tahidi High. Najua wazee wengine hamkufurahi. Mmoja aliniuliza, "Pasta, sasa kanisa limekuwa sinema?" Nilimwambia akae nyuma atazame kwanza. Alikaa mpaka mwisho, na nilimwona akifuta miwani.

Kwa wasioijua, Tahidi High ni tamthilia iliyokuwa ikionyeshwa na runinga ya Citizen, ya wanafunzi wa shule ya upili ya kubuni. Kina OJ, kina Tanya, mwalimu Miss Morgan. Ilizungumzia mihadarati, mimba za mapema, mapenzi ya shuleni, marafiki wanaokuvuta mpaka shimoni. Sisemi kila kitu ndani yake ni cha kufuatwa, hapana. Mengine tuliyapitisha haraka. Na kwenye tamthilia shida huisha kwa vipindi vichache, mambo ambayo kwetu huchukua miaka.

Lakini nilikuwa nikitazama watu, si ukuta. Vijana walikuwa wanacheka pale pa kuchekesha. Waliokuwa kimya kabisa ni wazazi. Ninyi wa miaka thelathini na kitu, ndio nawasema. Tamthilia hii ni yenu! Mlikuwa mnakimbia nyumbani jioni msikose kipindi, na kama hakuna stima mnaenda kwa jirani mwenye betri ya gari. Mlikuwa mnasema, "Wazazi wetu hawatuelewi." Leo mna watoto wa sekondari, na wao wanasema maneno yaleyale, juu yenu. Si ndio?

Hata jina la ile shule linanikumbusha neno tunalowapa watoto wetu kila wakipanda gari. Jitahidi. Mtoto anaondoka na sanduku, na karo iliyopatikana kwa kuuza ndengu na mbuzi, na neno moja: jitahidi. Neno zuri. Lakini kuna mtoto amejitahidi mpaka amefika mwisho wa nguvu zake, na hana pa kulisema hilo.

Sasa tusome. Mama huyu wa Shunemu hakuwa na mtoto, Mungu akampa mvulana kwa neno la nabii Elisha. Mtoto akakua. Siku moja, wakati wa mavuno, akamfuata baba yake shambani kwa wavunaji. Akiwa kule akaanza kulia kwamba kichwa kinamuuma. Kichwa, kichwa. Baba akafanya nini? Angalieni mstari wa 19. Akamwambia mtumishi ampeleke kwa mama yake.

Wanaume, msiniangalie vibaya. Mimi ni mwanamume, na ninaielewa ile siku. Mavuno ni mavuno. Hapa kwetu mvua ikikubali mara moja, ndengu zikikauka lazima zivunwe kabla hazijapasukia shambani. Baba yule hakuwa mbaya. Alikuwa anatafuta chakula cha mtoto huyohuyo! Lakini mtoto alikuja kwake mwenyewe, kwa miguu yake, akamwambia yeye mahali panapouma. Akatumwa kwa mama. Saa sita mchana akafa magotini pa mama.

Yule mama akamlaza kwenye kitanda cha nabii, akafunga mlango, akaomba punda. Mume akauliza, kwa nini uende leo, na leo si siku ya ibada? Yaani hata wakati huo hajauliza habari za mtoto. Mama akajibu kwamba ni salama. Akafika Karmeli, Gehazi akatumwa kumlaki na kuuliza, wewe hujambo, mumeo hajambo, mtoto hajambo? Akajibu kwamba wote hawajambo. Na maiti iko nyumbani!

Hapo ndipo tulipo, wapendwa. Tunauliza kwa Kikamba, "Uvoo waku?" Mtoto anajibu, "Nesa." Tunauliza kwa Kiswahili, anajibu sijambo. Tunaridhika, tunaendelea na habari ya mvua na ya alama za hisabati. Salamu zetu ni nzuri, lakini zina jibu lake tayari.

Jana baada ya filamu tuliwapa vijana karatasi. Waandike bila jina jambo moja ambalo hawajamwambia mzazi. Tuliwaambia mapema kwamba mengine yatasomwa hapa. Kile kiondo cha mama mchungaji kilijaa. Nasoma machache tu.

"Karo yangu ililipwa na ng'ombe wa mwisho. Nikipata D nitaingia nyumbani kwa mlango gani?"

"Nilianza kuvuta nikidhani ni mchezo wa mamono. Sasa siwezi kumaliza wiki."

"Mama alisema nikizaa nisirudi kwake. Sijamwambia."

Huyu wa mwisho, kama uko hapa, nisikilize. Wizara ya Elimu imetoa mwongozo tangu 2020 kwamba msichana aliyejifungua arudishwe darasani. Mlango wa shule haujafungwa, na wa kanisa hili pia haujafungwa. Na wewe mama uliyetamka maneno yale kwa hasira, labda hata humjui kama ni wako aliyeandika. Fikiria kwamba ni wako.

Kuna moja sisomi, wala halitachapishwa. Aliyeliandika alikuja mwenyewe kwa mama mchungaji, na jambo lake limeshafika kwa afisa wa watoto. Mambo mengine hayamalizwi na wazee chini ya mti kwa mbuzi, wala hayafichwi kwa maombi ili ukoo usiaibike. Nambari 116 ni ya kusaidia watoto, haina malipo. Vijana, ishikeni kichwani.

Turudi Karmeli. Mama anaishika miguu ya nabii. Gehazi anataka kumsukuma, kama ushas wetu anavyofanya mtu akilia sana mbele. Elisha anasema amwache, nafsi yake ina uchungu, na Bwana amemficha jambo hilo. Mmeona? Nabii mzima anakiri kwamba hajui! Mimi nikiwa mzazi nimewahi kukiri hivyo mara ngapi?

Halafu Elisha anafanya jambo tunalolifanya sisi wote. Anamtuma Gehazi na fimbo. Chukua fimbo yangu, kimbia, usisalimie mtu njiani, iweke juu ya uso wa mtoto. Gehazi akaenda, akaiweka. Hakuna sauti. Hakuna dalili ya kusikia. Akarudi kusema mtoto hajaamka.

Ilikuwa fimbo ya mtu wa Mungu, jamani. Haikuwa fimbo mbaya. Na haikumwamsha mtoto.

Mnadhani naongea juu ya viboko? Hiyo nayo imo. Mzee mmoja atanipeleka Mithali 13:24, naijua. Mfano ule sio leseni ya kumwaga damu, na serikali ilikataza kuwachapa wanafunzi tangu 2001, kisha Katiba ya 2010 ikamlinda mtoto dhidi ya ukatili. Lakini fimbo ninayoiona mimi ni kubwa kuliko kiboko. Karo kwa M-Pesa ni fimbo ya Gehazi. Nauli ni fimbo ya Gehazi. Mstari wa Biblia unaotumwa kwa simu saa kumi na moja asubuhi, na aliyetuma yuko Mlolongo, ni fimbo ya Gehazi. Hata mwalimu tunayemwambia "mwalimu, huyu nakuachia" tumemkabidhi fimbo akimbie nayo. Vyote ni vizuri. Lipeni karo! Lakini mwenye fimbo amebaki Karmeli.

Mwaka huo wa 2001, wazee mnakumbuka. Mwezi wa tatu, shule ya Kyanguli kule Machakos, bweni lilichomwa usiku. Vijana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Waliozikwa pale ni wana wa Ukambani, wengine wenu mlipoteza ndugu. Wanafunzi wawili walishtakiwa. Matokeo ya mtihani wa shule ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamefutwa, kulikuwa na manung'uniko ya karo. Sisimami hapa kusema yule mzazi au yule mwalimu angezuia. Sina haki hiyo mbele ya waliozika. Mwaka 2016 tena mabweni yaliungua katika shule zaidi ya 100 nchini, na tena 2021. Kila mara tunauliza nani aliingiza petroli. Ni swali la lazima. Lakini kabla ya petroli kulikuwa na wiki nyingi za "nesa".

Na wako wasiochoma bweni, wanajigeuzia wenyewe. Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Wengine wenu mliona ni kulegeza dhambi. Mimi nilimfikiria mtoto aliyeokolewa akiamka hospitalini na kumwona polisi kabla ya kumwona baba yake.

Sasa niwaambie langu. Mwanangu wa kwanza alikuwa kidato cha pili, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Alikuja mapumziko mafupi ya katikati ya muhula. Jumapili jioni nilikuwa natengeneza bomba la tangi, akaja akasimama hapo kando. Akasema, "Baba, sitaki kurudi." Nikamuuliza amefukuzwa na nani. Akasema hajafukuzwa. Nikamkumbusha mbuzi watatu niliouza. Nikamwambia mtoto wa mchungaji hawezi kuwa mfano wa kuacha shule. Nikamwekea mkono kichwani, nikaomba dakika mbili, nikampa nauli, nikarudi kwa bomba langu. Usiku mama yake akaniambia, "Huyo mtoto hajala." Nikajibu, "Ongea naye wewe."

Mpeleke kwa mama yake. Niliuhubiri mstari huo miaka mingi bila kujiona ndani yake.

Ilichukua miaka tisa kujua kwamba vijana wakubwa walikuwa wamemnyang'anya godoro na blanketi, amelala juu ya vyuma muhula mzima, na hilo ndilo jepesi katika aliyomweleza mama yake. Mengine mama yake hajaniambia, na nimeacha kumlazimisha. Alimaliza shule. Alipata alama nzuri, tukapiga vigelegele kanisani. Sasa yuko Nairobi. Akipiga simu nikaishika mimi, anasema, "Sijambo baba. Mama yuko?"

Ona alichofanya Elisha fimbo iliposhindwa. Alikuja mwenyewe. Aliingia, akafunga mlango, wao wawili tu. Akaomba, ndiyo, maombi yalitangulia. Kisha akalala juu ya mtoto, kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, mikono kwa mikono. Mzee alijikunja akawa na kimo cha mtoto! Na mwili ukapata joto tu. Hakuamka. Mstari wa 35 unasema Elisha akashuka, akatembea ndani ya nyumba huku na huku. Nimeupenda mstari huo mwaka huu kuliko yote. Mtu wa Mungu hajui la kufanya, anatembea nyumbani. Kisha akapanda mara ya pili, ndipo mtoto akapiga chafya mara saba akafumbua macho.

Jana baada ya filamu nilimwandikia mwanangu. Sikuandika mstari wa Biblia. Niliandika, "Siku ile kwenye tangi ulitaka kuniambia nini? Nina muda." Leo asubuhi nimeona amesoma. Hajajibu. Kwa hiyo wapendwa, mimi ndiye ninayetembea huku na huku, na bado nahubiri.

Simameni. Sitaita mtu mbele leo. Kila mzazi amtafute mtoto wake; wasiokuja na wazazi, viongozi wa vijana na akina mama wa maombi wako upande wa kulia. Nendeni chini ya miembe, mkae wawili wawili. Baba, kama mmekuja wote, nenda wewe. Simu ziachwe hapa kwenye meza. Usianze na alama, usianze na maombi, usiseme "wakati wetu sisi". Uliza, kisha nyamaza, hata akinyamaza naye. Akikwambia jambo zito, usimwahidi kulificha. Njoo naye kwa mama mchungaji.

Akina mama wa jikoni wamesema muthokoi itangoja. Kengele ya ibada ya mchana ni saa nane, na nimemwambia mzee wa kengele asiharakishe.